Mpira wa petroli uliobanwa na kikombe kiwandani: unakatwa na kutiwa klipu, au ni kujitafutia moto?

#1 Gia_ya_Tano
Wakuu, heshima kwenu. Nina gari la mwaka 1989, la petroli, nozeli nne za kunyunyizia petroli, pampu ya umeme. Wiki ya tatu sasa, kila asubuhi nikiwasha nasikia harufu ya petroli dakika kama tano, halafu inapotea mpaka kesho yake. Nimechungulia na tochi. Kati ya bomba la chuma linalotoka chini ya gari na reli ya nozeli kuna mpira wa urefu wa kiganja na nusu, na kila ncha yake imevikwa kikombe cha chuma kilichobanwa na mashine. Hakuna skrubu wala pa kufungulia, mpira na bomba vimekuwa kitu kimoja. Mpira wenyewe umepasuka vinyufa kama kisigino cha mtembea peku.

Ule mzima pamoja na bomba lake hautengenezwi tena. Fundi wa kwanza kasema atakata kikombe, achomeke mpira mpya, afunge klipu mbili, nusu saa kwisha kazi. Fundi wa pili aliposikia akashika kichwa: kiwanda hakikubana kwa kupenda, klipu itachomoka nikiwa barabarani na nitaungua humo humo.

Nimsikilize nani?

#2 Msumeno
Wa kwanza. Nimeshakata kumi na zaidi. Uzi ufungwe.

#3 Koroboi
Msumeno na wewe kila kitu ni kukata. Mleta uzi, huyo wa pili ana hoja. Pampu ya umeme inasukuma kwa nguvu. Klipu ni za magari ya kabureta, kule presha haizidi bar 3.

#4 Binti_wa_Gereji
Koroboi, hapo umeteleza. Kabureta ni bar 0.2 hadi 0.4 hivi. Ukiipelekea bar 3, petroli inaisukuma sindano ya kuelea, inafurika, inamwagika juu ya injini. Hizo bar 2.5 au 3 ndizo za gari kama la mleta uzi, nozeli za umeme. Tofauti inakaribia mara kumi, na ndiyo maana mpira wa kabureta hautiwi kwenye gari la nozeli hata ukiwa mpya unang'aa.

Mleta uzi, kabla hatujagombania klipu, ukanunue mpira ambao pembeni umepigwa maandishi. Tafuta SAE 30R9. Ukikuta 30R7 huo ni wa presha ndogo, kiwango chake ni psi 50, yaani karibu bar 3.4. Utasema mbona gari langu ni bar 3 tu? Ndiyo, lakini utakuwa unatembea ukingoni, na mpira nao unazeeka. R9 ni psi 100, na ndani una utando ambao petroli haipenyi kirahisi. Mpira usio na maandishi yoyote ni wa kumwagilia bustani mpaka uthibitishwe vinginevyo.

#5 Koroboi
Sawa dada, nimekubali kwa kabureta. Kwa klipu sijakubali.

#6 Mzee_Plagi
Wanangu, mmeanza vizuri. Kuhusu kikombe, jibu liko chini yake na kwa nje hulioni. Vikombe vile hubanwa juu ya mabomba ya aina mbili. Kuna bomba ambalo ncha yake ina nundu, moja au mbili au tatu, kama pete zilizovimba. Na kuna bomba ambalo ncha yake ni laini kama penseli, kinachoshika mpira ni ule mkandamizo wa kikombe peke yake. La kwanza, kata, weka mpira wa R9 na klipu nzuri, utasahau. La pili, ukiweka klipu hata uikaze mpaka mkono uume, siku moja mpira utateleza. Mafundi wote wawili wanaweza kuwa sahihi, kila mmoja anakumbuka gari aliyowahi kuifungua.

Nimewahi kuteleza nayo mwenyewe. Bomba laini, nikafunga klipu mbili mbili kila upande nikijiona mjanja. Ilikaa miezi. Siku ya kuchomoka gari lilizima tu katikati ya mlima, pampu ikaendelea kunguruma, petroli ikatiririka juu ya boksi la gia. Sikuungua kwa sababu Mungu hakutaka.

#7 Msumeno
Mzee shikamoo. Kumi zangu zote zilikuwa na nundu. Kumbe bahati.

#8 Mzee_Plagi
Marahaba. Bahati nayo ni kifaa cha kazi, ila haiuzwi dukani.

#9 Pistoni_Tatu
Swali la mjinga: pampu iliendeleaje kunguruma na injini imezima? Mi najua ikizima pampu nayo inakatwa na rilei.

#10 Mzee_Plagi
Siyo la mjinga. Kwenye magari mengi rilei inakata pampu isiposikia mzunguko wa injini. Langu kuna mtu kabla yangu aliunganisha waya wa pampu moja kwa moja na swichi ya ufunguo, akaikwepa rilei. Kwa hiyo wewe mleta uzi kabla ya mipira, washa ufunguo bila kupiga stata. Pampu ikilia sekunde mbili ikanyamaza, mambo safi. Ikiendelea kulia, kuna mtu amekutangulia humo.

#11 Gia_ya_Tano
Nimejaribu sasa hivi. Imelia kidogo ikanyamaza. Asante mzee.

Ila nundu nitazijuaje bila kukata? Nikishakata nikakuta penseli ndiyo nimekwama na gari halitembei.

#12 Nyuki_Mkali
Pitisha kucha juu ya kikombe. Mara nyingi kikombe hubanwa kwa mistari, na mistari iko kati ya nundu. Ukikuta mistari miwili mitatu imezunguka, ndani kuna nundu.

#13 Binti_wa_Gereji
Nyuki, mistari ni alama ya mashine iliyobana, haisemi kilichoko ndani. Nimekuta mistari mitatu juu ya bomba laini. Usimpe mwenzio uhakika ambao hauna.

Mleta uzi, dawa yake ni kujiandaa kwa yote mawili. Ukikuta laini, bomba la chuma linaweza kuvimbishwa ncha kwa kile kifaa cha kupanua midomo ya mabomba ya breki. Huhitaji kumalizia mdomo mzima, unabonyeza hatua ya kwanza tu, inabaki nundu ya duara. Bomba liwe nje ya gari, limeoshwa, limekauka.

#14 Chuma_Chakavu
Mnazunguka sana. Peleka kwa wanaobana mipira ya haidroliki ya matrekta. Wanakata, wanabana kikombe kipya, mechi imekwisha na kinafanana na cha kiwandani.

#15 Koroboi
Hatimaye mtu mwenye akili!

#16 Binti_wa_Gereji
Wengi wanafanya, na kuna wanaofanya vizuri. Matatizo ni mawili. Mpira wa haidroliki umetengenezwa kwa ajili ya oili, siyo petroli, hasa hii ya siku hizi yenye ethanoli. Kuna gari lililetwa kwetu baada ya miezi minne, filta imejaa unga mweusi, ni tumbo la mpira limelika. La pili, ukiwapelekea mpira wako wa R9, mashine yao imezoea mpira mnene wenye nyaya za chuma ndani. R9 una uzi tu. Wakibana kwa kipimo chao cha kila siku wanaukata kwa ndani, na kwa nje kikombe kinapendeza kuliko cha kiwandani. Unaondoka umefurahi.

Akiwepo fundi wa mashine hiyo mwenye kikombe cha kipimo cha mpira wa mafuta na anayepima kipenyo baada ya kubana, hapo sina neno.

#17 Chuma_Chakavu
Langu lina miaka sita limebanwa hivyo na halijanusa.

#18 Msumeno
Halijanusa gari au wewe mafua?

#19 Dereva_Mstaafu
Nimesoma kimya toka juu. Jamani mbona hakuna aliyemuuliza mleta uzi kama harufu inatoka kwenye huo mpira kweli? Nyufa za nje ni ngozi tu. Mwili wa mpira una tabaka, la nje ni la kuzuia joto na oili. Nimewahi kuwa na mpira uliopasuka kama udongo wa kiangazi na hauvuji tone. Na nimewahi kuwa na mpira mzuri, laini, mweusi tii, ambao ndani tabaka limebanduka na kuning'inia kama ulimi. Gari likienda polepole hakuna shida. Ukikanyaga, ule ulimi unavutwa na mkondo, unaziba, injini inakosa pumzi. Nilibadilisha pampu, filta, plagi, nikakaribia kubadilisha dini. Ilikuwa mpira wa sentimita kumi na tano.

Harufu ya asubuhi tu inayopotea injini ikipata moto ina majina mengi. Oringi za nozeli, zile pete za mpira, kwa mfano. Zikizeeka zinakuwa ngumu, zikiwa baridi hazijazi nafasi yake, zikipata joto zinatanuka zinaziba.

#20 Nyuki_Mkali
Maelezo hayo hayo yanafaa kwa kikombe. Mpira uliokandamizwa miaka thelathini na kitu umeshachukua umbo la mkandamizo, haurudi. Baridi unasinyaa, unavuja. Joto unatanuka, unaziba.

#21 Pistoni_Tatu
Kwa hiyo wote wawili mna jibu moja na sehemu mbili tofauti 😂

#22 Tumbili_Kijani
Mimi natupa la tatu. Regileta ya presha. Ndani yake kuna kiwambo, upande mmoja petroli, upande mwingine ni mpira mdogo wa vakyumu unaoenda kwenye manifoldi, yaani njia ya hewa inayoingia kwenye injini. Kiwambo kikitoboka, petroli inanyonywa kupitia mpira ule na kuingia kwenye injini. Dalili: asubuhi stata ndefu, moshi mweusi kidogo, harufu. Kupima ni dakika moja. Chomoa mpira wa vakyumu pale kwenye regileta, nusa, angalia ndani. Ukikuta umelowa, acha kulaumu vikombe.

#23 Gia_ya_Tano
Stata yangu kweli imekuwa ndefu kidogo. Lakini betri nayo ni ya zamani.

#24 Tumbili_Kijani
Chomoa unuse.

#25 Gia_ya_Tano
Nikitoka kazini.

#26 Kinyonga_80
Natokea njia nyingine kidogo. Mimi ninalo lenye mfumo wa petroli wa K-Jetronic na mipira yote ya juu ya injini ni ya vikombe, mingine imefungwa kwa boliti zenye tundu na washa za shaba. Hapa klipu isitajwe kabisa. Presha ya mfumo huo inacheza karibu na bar 5. Niliagiza mipira mipya iliyobanwa kwa kipimo na mambo yakawa mazuri. Nawashauri msichanganye mifumo ya umeme.

#27 Binti_wa_Gereji
Presha umesema sawa. Ila K-Jetronic siyo wa umeme kwa maana ya nozeli, ni wa makanika. Nozeli zake hazifunguki na kufungwa kwa umeme, zinamwaga mfululizo, na hiyo K ni ya neno la Kijerumani lenye maana hiyo hiyo, mfululizo. Cha umeme pale ni pampu na vikorokoro vichache. Na washa za shaba ni mpya kila ukifungua, tafadhali, usizigeuze upande.

#28 Kinyonga_80
Naam, nimesahihishwa. Washa nilizigeuza upande.

#29 Msumeno
😂😂😂

#30 Mzee_Plagi
Kinyonga kanikumbusha. Kwenye mfumo wake kuna kopo la kuhifadhi presha, ambalo linaishikilia muda mrefu baada ya kuzima ili gari liwake likiwa bado na joto. Ukifungua boliti kwa kuamini gari limelala tangu asubuhi, petroli inakurukia usoni. Zungushia kitambaa, legeza nusu zamu, ngoja ipumue. Na wewe mleta uzi pia. Kwako unachomoa fyuzi ya pampu, unawasha injini mpaka izime yenyewe, unapiga stata mara moja zaidi, unafungua kifuniko cha tangi, ndipo unashika spana.

#31 Pistoni_Tatu
Na waya wa betri unatolewa kwanza kabisa ya yote, si ndiyo?

#32 Msumeno
Toa betri kwanza, halafu utuambie injini umeiwashaje.

#33 Pistoni_Tatu
Aisee. Nimejiona. Basi baada ya presha kuisha.

#34 Dereva_Mstaafu
Baada. Hasi ndiyo itangulie kutoka. Na kazi ifanyike nje, siyo juu ya shimo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka, unajikusanya shimoni, unakungojea. Taa ya balbu ya kioo isiwepo, ikianguka ikapasuka waya wake unawaka. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu, wa poda au wa povu. Ndoo ya maji haisaidii, petroli inaelea juu ya maji na kusambaa nayo.

#35 Msumeno
Sasa nifike kwenye kazi yangu, maana nimeitwa mkata kila kitu. Kikombe hakikatwi kikiwa kwenye gari, na hakikatwi kwa grinda hata kama una haraka ya kwenda harusini. Bomba litoke, lioshwe, lipulizwe hewa mpaka likauke ndani. Libane kwenye jiliwa kwa vipande viwili vya mbao, lisipondeke. Chukua msumeno wa chuma, meno madogo, kata kikombe kwa urefu wake, siyo kwa kuzunguka. Unakata mpaka unakaribia kutoboa, unaacha ngozi. Halafu bisibisi bapa ndani ya mfereji, zungusha, kikombe kinapasuka na kufunguka kama ganda. Mpira unautoa kwa kisu, ukikilaza, usikisimamishe.

Siri ni kutogusa chuma cha bomba. Mkwaruzo wa kuzunguka hauna neno sana. Mkwaruzo wa kwenda na urefu ni mfereji wa petroli, hauzibwi na klipu yoyote. Nimeharibu mawili kabla ya kujifunza.

#36 Nyuki_Mkali
Kumi, ukatoa mawili. Zimebaki nane.

#37 Msumeno
Niliharibu kabla ya kuanza kuhesabu.

#38 Gia_ya_Tano
Nimerudi. Mpira wa vakyumu wa regileta nimechomoa. Siyo mkavu, siyo umelowa. Una unyevunyevu na harufu ipo. Sasa hiyo ni nini?

#39 Tumbili_Kijani
Ni kiwambo. Nilisema.

#40 Dereva_Mstaafu
Au siyo. Mpira ule unaenda kwenye manifoldi, na manifoldi ya injini iliyozimwa inabaki na mvuke wa petroli na oili. Harufu pekee haitoshi. Washa injini mpira ukiwa umechomoka, ziba ile ncha ya manifoldi kwa kidole, tazama mdomo wa regileta. Tone likitoka ndipo tumhukumu.

#41 Gia_ya_Tano
Nimefanya. Dakika tatu. Hakuna tone lililoanguka, ila pembeni mwa mdomo pameng'aa kidogo.

#42 Tumbili_Kijani
Kiwambo!

#43 Koroboi
Kung'aa siyo kuvuja. Kipara changu kinang'aa.

#44 Binti_wa_Gereji
Gia, subiri kesho injini ikiwa baridi kabisa. Chukua karatasi laini, zungushia kila kikombe, kila oringi, na huo mdomo, kila mahali karatasi yake. Washa. Zima baada ya dakika mbili, zikusanye. Itakayonuka ndiyo. Tochi haioni kinachoonwa na karatasi.

Kuhusu klipu ukifika huko: kuna za skrubu zenye mkanda uliotobolewa vitundu, zile za mipira ya rejeta. Ukikaza, mpira unapenya kwenye vitundu na kukatwa polepole. Usizitumie. Za mpira wa mafuta mkanda wake hauna matundu, kingo zimekunjwa kwa nje, na zinabana duara sawasawa na kipenyo chake. Hazinyumbuliki sana, kwa hiyo nunua kwa kipimo. Klipu ikae nyuma ya nundu, isikae juu yake wala mdomoni mwa mpira.

#45 Kinyonga_80
Na kipenyo cha mpira! Bomba la milimita 8 linataka mpira wa milimita 7.5 au 8, au ule wa inchi 5/16 ambao ni 7.9 na ushee. Jirani yangu alitia wa 3/8, ambao ni milimita 9.5, akasema klipu itaubana. Klipu iliubana ukajikunja mkunjo mmoja, na petroli ikapita chini ya mkunjo.

#46 Pistoni_Tatu
Ukiwa mgumu kuingia unapaka nini? Grisi?

#47 Mzee_Plagi
Tone la petroli yenyewe, au oili nyembamba kidogo sana. Grisi inaukaribisha utelezi, na utelezi ndio tunaoukimbia.

#48 Chuma_Chakavu
Naomba kuuliza nje ya mada kidogo. Wa ndani ya tangi, unaounganisha pampu, nao ni R9?

#49 Binti_wa_Gereji
Hapana, na hili linaua pampu nyingi. R9 ngozi yake ya nje haikuumbwa kuogelea kwenye petroli. Ukiuzamisha unavimba kwa nje na kulainika. Wa ndani ya tangi ni 30R10, umeumbwa kunywa petroli pande zote mbili. Ukiutafuta utashangaa jinsi kipande kidogo kinavyojivuna.

#50 Chuma_Chakavu
Nilitia wa kawaida mwezi jana 😬

#51 Msumeno
Miaka sita bila kunusa, mwezi mmoja wa kuogelea. Kila la heri.

#52 Mwanadizeli
Sisi wa dizeli tumesahauliwa. Kwetu mpira mbovu upande wa kunyonya hautoi mafuta nje, unavuta hewa ndani. Huoni tone, hunusi kitu, asubuhi gari linakataa tu kuwaka. Na ile mipira iliyofumwa kitambaa kwa nje inaficha nyufa zake chini ya nguo. Nilitia kipande cha mpira unaoonyesha ndani nikaona mapovu yanapita kama soda.

#53 Koroboi
Mwanadizeli fungua uzi wako, huku tuna kikombe.

#54 Gia_ya_Tano
Ripoti. Karatasi zote saba zimewekwa asubuhi. Iliyonuka sana: kikombe cha upande wa reli. Iliyonuka kidogo: mdomo wa regileta. Oringi zote kavu.

Nilikuwa na muda, nikatoa bomba, nikakata alivyosema Msumeno. Kikombe kimefunguka kama ganda kweli. Chini yake kuna nundu MBILI upande wa reli, na upande wa pili nundu MOJA ndogo, kisha bomba laini. Nikaweka R9 ya milimita 7.5, klipu za mkanda usio na matundu. Na kwa vile fundi wa kwanza alikuwa na regileta mpya, nimebadilisha nayo siku hiyo hiyo. Nikawasha pampu bila injini, nikakagua kwa karatasi, kavu.

#55 Tumbili_Kijani
Umebadilisha vyote viwili siku moja? Sasa tutajuaje nani alikuwa mwizi?

#56 Nyuki_Mkali
Kikombe. Karatasi imesema.

#57 Tumbili_Kijani
Karatasi imesema na regileta pia. Na stata?

#58 Gia_ya_Tano
Stata imekuwa fupi. Ila nilichaji na betri.

#59 Tumbili_Kijani
Umeua mashahidi wote wewe.

#60 Mzee_Plagi
Ule upande wenye nundu moja ndogo, uangalie baada ya wiki, na baada ya mwezi. Mpira mpya hukaa, klipu inataka robo zamu. Robo tu. Ukikaza zaidi unaupasua tumbo.

#61 Koroboi
Mimi msimamo wangu haujabadilika, nundu moja ni penseli yenye chunusi. Ningeibana au ningeivimbisha.

#62 Msumeno
Na mimi nasema itazidi umri wa gari. Tukutane hapa.

#63 Gia_ya_Tano
Wakuu, siku ya nne leo. Siku tatu hakuna harufu kabisa, nilikuwa nakuja kushukuru. Leo asubuhi imerudi. Nyepesi, na sasa naisikia nikiwa nimekaa ndani, siyo mbele. Nimeweka karatasi tena kwenye mpira mpya na regileta. Zote kavu.

#64 Koroboi
😶

#65 Dereva_Mstaafu
Jana ulijaza tangi?

#66 Gia_ya_Tano
Mpaka kwenye shingo. Kwa nini?

#67 Dereva_Mstaafu
Na kabla ya hapo ulikuwa unaendesha na robo, nusu?

#68 Gia_ya_Tano
Siku zile tatu, ndiyo, chini ya nusu. Zile wiki za mwanzo sikumbuki.

#69 Binti_wa_Gereji
Toa zulia la buti, na kiti cha nyuma kama kinatoka. Juu ya tangi kuna mpira mnene wa kujazia na mwembamba wa kupumulia. Ni wa umri ule ule wa uliokata.

#70 Gia_ya_Tano
Jumamosi. Hiyo nayo ina vikombe?

#71 Msumeno
Nakuja na msumeno.